Nilivyowagawia Wanafunzi Diski

Jumamosi usiku nilibaki peke yangu na seva ya chuo ninachofanyia kazi, nikaikamilisha kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu muhula uanze: kuweka mgawo wa diski, yaani kikomo cha nafasi anayoweza kujaza kila mtu, kwa wanafunzi zaidi ya 200 wanaotumia /home moja, sehemu ya diski yenye folda zao. Kilichonisukuma ni siku ile ilipojaa pomoni kwa video za mtu mmoja, wenzake wote wakashindwa kuhifadhi hata ripoti ya kurasa mbili.

Maandalizi hayakunisumbua. Niliongeza neno usrquota, linaloruhusu mgawo wa kila mtumiaji, kwenye mstari wa /home ndani ya /etc/fstab (faili linaloorodhesha diski za mfumo), nikaipachika upya /home, nikaendesha quotacheck, inayohesabu kila mtu ametumia kiasi gani, wakati hakuna anayeandika chochote, kisha quotaon, inayowasha mgawo.

Kosa nililifanya kwenye tarakimu. Nilikusudia kila mmoja aonywe afikapo gigabaiti 5 na azuiwe kabisa afikapo 6, nikaandika 5000 na 6000 kana kwamba nahesabu megabaiti, ilhali setquota, amri ya kupanga vikomo, huhesabu bloku (vipande vya diski) za kilobaiti moja moja; kila mmoja akapata kama megabaiti 5 na 6 tu. Hakuna faili lililofutwa, kwa kuwa mgawo huzuia kuongeza tu wala haugusi kilichokwishaandikwa. Lakini Jumatatu asubuhi wanafunzi waliandika nywila zao sahihi, skrini ikapepesa, wakarudishwa palepale pa kuingilia, kwa sababu eneo-kazi, yaani skrini ya kazi inayofuata baada ya kuingia, halifunguki lisipoweza kuandika vifaili vyake katika folda ya mwenyewe. Nilipojaribu mimi kama root, akaunti ya msimamizi mkuu, kila kitu kilikwenda sawa. Root habanwi na mgawo, nami kwa karibu saa nzima niliishuku programu ya kuingilia, na hata, naona haya kuandika hivi, wanafunzi wenyewe. Repquota, amri inayotoa ripoti ya matumizi ya kila mtu, ndiyo iliyoniumbua, kwa alama ya kujumlisha, ishara ya aliyevuka kikomo, iliyosimama kando ya karibu kila jina.

Safari ya pili nilifungua akaunti ya majaribio, nikaipa 5242880 na 6291456, yaani gigabaiti 5 na 6 kwa kilobaiti, nikaingia kwa jina lake kama mwanafunzi yeyote, nikajaza mafaili mpaka nikazuiwa, ndipo nikawanakilia wengine mgawo huohuo kwa edquota -p.

Kinachonishughulisha sasa ni muda wa nafuu, yaani zile siku ambazo mtu aliyevuka kikomo cha onyo anaruhusiwa kuendelea kabla kikomo hicho hakijageuka ukuta. Kwa kawaida ni siku 7, nami nimezifanya 14, kwa kuwa aliye kwenye mitihani hana nafasi ya kupekua folda zake. Idadi ya mafaili nimeiacha sifuri, maana yake bila kikomo, ingawa wanaojifunza kutengeneza tovuti huzalisha maelfu ya vifaili kwa amri moja na huenda nikajuta.

Yule wa video amefuta kiasi, akashuka chini ya gigabaiti 6. Bado yuko juu ya 5, na repquota inaonyesha amebakiziwa siku 9.