Sonara aliyeniuliza kuhusu glavu

Jumamosi, usiku

Leo nimelipa malipo ya awali. Baada ya wiki nyingi za kuhangaika na pete hii, nadhani usiku huu nitalala vizuri.

Ninachotaka ni pete ya uchumba ya halo: kito kimoja katikati, kimezungushiwa duara la almasi ndogondogo. Siku moja, bila kujua kwamba nayaweka maneno yake moyoni, mpenzi wangu aliniambia pete za namna hiyo humkumbusha mwezi uliojizungushia duara la mwanga. Tangu siku hiyo sikutaka pete nyingine, wala sikutaka ya kuchukua tu kwenye kabati la kioo.

Sonara wa kwanza alinipa albamu nene ya picha, zote zimepigwa kutoka juu. Nilipoomba kuona pete yenyewe alinipa moja, ikimetameta kwelikweli. Nikapitisha leso ya pamba juu ya zile almasi, nyuzi zikanasa. Nilipomwonyesha, akasema watu hawaangalii hivyo. Nilishukuru nikaondoka. Vikucha, yaani vijino vya dhahabu vinavyoshikilia kito, vikinasa uzi leo vitanasa sweta kesho, na kikucha kikishapinda, kito hakina kinachokishikilia.

Wa pili alikuwa mkweli. Alisema yeye ni fundi wa pete za kawaida na matengenezo, na vito vidogo vya kuzungushia humpa mtu mwingine avipachike. Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Wa tatu hakuanza na picha. Alinipa lenzi ya kukuza mara 10, akaweka pete mkononi mwangu ikiwa imepinduliwa, chini juu. "Anza huku," akasema. Nikaanza huko. Chini ya kila almasi palikuwa na tundu dogo la kupitisha mwanga, matundu yote yakilingana, kingo zake laini, hakuna alama ya tupa hata moja. Nilipoigeuza nikaona jinsi kila almasi, yenye upana wa milimita moja na kitu tu, ilivyokaa sawa na jirani yake, imebanwa na vichembe vya dhahabu vilivyoinuliwa kutoka kwenye dhahabu ileile. Kisha akaniletea halo nyingine, ya mteja aliyeileta itengenezwe baada ya kununua kwingine. Almasi mbili zilikuwa zimeanguka. Dhahabu ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa nyembamba mno kubana kitu. Nikaona sababu kwa macho yangu.

Ndipo akaniuliza swali ambalo wale wengine hawakuniuliza: "Mwenzako anafanya kazi gani kwa mikono yake?"

Muuguzi, nikasema. Anavaa na kuvua glavu kutwa nzima.

Akanyamaza kidogo, akavuta karatasi akaanza kuchora upya. Kito kikashushwa karibu na kidole, kingo zikaviringwa ili zisichane glavu. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania zumaridi kwa sababu anapenda kijani. Akanieleza kwa upole kwamba zumaridi nyingi huwa na nyufa ndani kwa asili, na kwa mkono unaogongagonga vitanda na troli angeogopa kuipachika. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, zumaridi ni 7.5 hadi 8, yakuti ni 9, almasi 10. Sikutaka kuacha kijani. Akacheka, akafungua pakiti ndogo ya karatasi: yakuti samawi, licha ya jina lake, hupatikana pia ya kijani. Ilikuwa rangi ya jani lililonyeshewa mvua. Sikubishana tena.

Mengine yalikwenda haraka. Dhahabu ya karati 18, na pete itagongwa muhuri wa 750, yaani sehemu 750 za dhahabu halisi katika 1,000. Nimechagua ya njano, kwa kuwa ile nyeupe hupakwa rodi, metali nyeupe inayong'aa, na rangi hiyo huisha, ikabidi ipakwe tena. Almasi zitashuka hadi nusu ya mzunguko wa pete tu. Chini itabaki dhahabu tupu, ili kidole kikinenepa au kikipungua pete iweze kurekebishwa bila kulegeza vito. Kwa kipimo nilikuwa nimeazima kwa siri pete anayoivaa kidole hichohicho, nayo imesharudi mahali pake. Yote yameandikwa na kutiwa saini, pamoja na ahadi ya kukagua vikucha kila baada ya miezi 6.

Kwanza atachonga pete nzima kwa nta, niione na kuishika kabla hajasubu dhahabu. Alisema nikiona kosa wakati huo tunarekebisha kwa kisu kidogo tu. Miadi yetu ya kuiona ni Alhamisi, saa kumi jioni. Nimeomba ruhusa kazini, na nyumbani nimesema nina kikao.