Nebula ya Carina kwa darubini ya milimita 60

Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba bila darubini kubwa nitaishia kupiga picha za mwezi. Uongo mtupu. Nebula ya Carina, wingu la gesi na vumbi angani, ina upana wa nyuzi 2 hivi, sawa na miezi mpevu minne ikipangwa mstari mmoja. Darubini kubwa inaambulia kipande. Hii yangu ya mtumba, yenye lenzi ya upana wa milimita 60 na fokasi ya milimita 360, inaimeza nzima. Niliipata kwa bei ya simu ya kawaida. Stendi yenye mota, ile inayozungusha darubini ifuate nyota, ndiyo iliyonikausha mfuko.

Na stendi ndiyo iliyonitesa. Maelekezo yote: lenga mhimili wa stendi kwenye Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini. Mimi niko Iringa, Polaris naitolea wapi? Ncha yetu ya kusini, pale anga inapozungukia, iko nyuzi 8 tu juu ya upeo, imejificha nyuma ya vilima. Stendi nayo imeundwa kwa watu wa Ulaya: skrubu ya kuinamisha inagota kwenye nyuzi 15, na hata hapo uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Jamaa mmoja akanishauri nikate mguu kwa msumeno. Nikamwambia aanze na wa meza yake.

Dawa ilikuwa tofali la kuchoma! Niligeuza stendi, mguu mmoja ukakaa kaskazini na miwili kusini, uzito ukawa unapita katikati yao bila kugusa chochote. Ule wa kaskazini nikaupandisha juu ya tofali, nikachomeka vipande vya ubao mpaka kipimo cha mwinamo cha kwenye simu kikasoma 8. Kutafuta kusini, dira ya simu usiiamini karibu na chuma. Chagua nyota iliyo juu utosini, itazame inateleza upande gani, sogeza stendi kidogo, tazama tena, mpaka itulie. Shingo itauma.

Mei na Juni, kuanzia saa mbili usiku, Carina iko kulia kwa Msalaba wa Kusini. Nilipiga picha za sekunde 60, zaidi ya mia, nikaziunganisha kwa Siril, programu ya bure. Walisema pia nitoe kichujio cha ndani ya kamera kwa kuwa kinazuia wekundu wa haidrojeni. Kinaupunguza, ndiyo, lakini Carina inang'aa mno. Wekundu umetoka, na Eta Carinae, nyota ambayo mwaka 1843 ilizidiwa mwanga na nyota ya Sirius peke yake, imekaa katikati na rangi yake ya chungwa.

Yule wa msumeno kaniuliza nimeazima darubini ya nani.