Neema kwa Watu Wagumu Haina Kipimo Kimoja

Anayeishi katika nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, awe Tandika, Tabata au Kimara, hana pa kumkwepea mtu mgumu. Ua ni mmoja, bomba ni moja, choo ni kimoja, na mara nyingi mita ya luku ni moja kwa wapangaji wote. Mwenye friji na pasi anapogoma kuchangia zaidi ya yule mwenye taa mbili na chaja ya simu, ugomvi unaingia ndani na kukaa. Tena, kwa Wakristo, mtu huyo huyo aweza kuwa mwanajumuiya mwenzako, ambaye utashikana naye mkono wa amani siku ya Jumapili.

Ndiyo maana mahubiri yanayotuambia tu tuwapende watu wote huwa hayanitoshi. Nayaamini, lakini hayanielekezi niseme nini kesho alfajiri tukiwa kwenye foleni ya maji. Aliyenisaidia zaidi ni Mtume Paulo, katika sura ya 4 ya Waraka wa Pili kwa Timotheo, anapoandika akiwa kifungoni na akijua kwamba wakati wake wa kufariki umefika. Katika aya chache tu anawataja watu waliomuumiza kwa namna tofauti, na kila mmoja anamtendea kwa namna yake.

Wa kwanza ni Marko. Tunajua kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 13, kwamba kijana huyu aliwaacha Paulo na Barnaba njiani akarudi Yerusalemu, na kwamba baadaye, katika sura ya 15, Barnaba alipotaka wamchukue tena, Paulo alikataa katakata, wakashindana hata wakatengana: Barnaba akaenda Kipro pamoja na Marko, Paulo akaondoka na Sila. Hao walikuwa mitume, na hawakuweza kukubaliana juu ya mtu mmoja aliyewaangusha. Lakini miaka imepita, na mzee yule yule aliyemkataa anaandika: “Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi.” Naipenda sana aya hiyo. Kila kwaya ya mjini hapa ina Marko wake, aliyeondoka wiki ya mwisho kabla ya Pasaka na kuiacha sauti ya tatu bila mtu, na kila kwaya ina wazee wanaolikumbusha jambo hilo kila anapoomba kurudi. Paulo hakusema kwamba Marko hakukosa. Alichofanya ni kukubali kwamba mtu aliyeshindwa kazi wakati fulani anaweza kuiweza wakati mwingine, na akalisema hilo kwa maandishi, ambapo wengine wangelisoma.

Wa pili ni Iskanda mfua shaba. Kwake lugha inabadilika. Paulo anasema kwamba alimtendea mabaya mengi, anamwachia Bwana amlipe, kisha anamwonya Timotheo ajihadhari naye. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, tukidhani kwamba kumsamehe mtu ni kumrudishia funguo. Wanawake wa vikoba wanalielewa hili vizuri: sanduku la fedha hufungwa kwa kufuli tatu na funguo hushikwa na watu tofauti, na hakuna anayeona kwamba utaratibu huo ni chuki. Aliyekopa akatoroka anaweza kusalimiwa, kuombewa na kutembelewa akiugua, wala asipewe ufunguo.

Nalisema hili kwa uzito zaidi kwa ajili ya wanawake wanaopigwa majumbani mwao, halafu wanaambiwa na watu wa kanisa wavumilie kwa jina la neema. Ushauri huo ni mbaya, na Paulo hawezi kutumiwa kuutetea. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na mchungaji au katekista anayemsindikiza mama huyo kwenda huko anatenda kazi ya Injili.

Wa tatu hata majina hawana. Ni wale waliomwacha peke yake aliposimama kujitetea, na juu yao anaandika: “naomba wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo.” Waliogopa tu, naye analijua hilo.

Nikirudi kwenye ua wetu na mita yake moja, naona kwamba shida yetu kubwa ni mpangilio. Katika Mathayo 18, Bwana Yesu anatufundisha kuanza na mkosaji, “wewe na yeye peke yenu”, kisha kuchukua mtu mmoja au wawili, na mwisho kabisa kuliambia kanisa. Sisi tunaanzia mwisho. Kosa la asubuhi linafika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya adhuhuri, jioni liko kwa mjumbe, na mkosaji ndiye wa mwisho kuambiwa, tena na watoto.

Mama mmoja wa jumuiya yetu hufanya kinyume. Mpangaji mwenzetu aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote aligoma kuchangia umeme, na mama huyo akaenda kuketi naye barazani usiku, watu walipokwisha kulala. Alianza hivi: “Mwanangu, sijaja kukusema. Nimekuja kukuuliza, hali yako ikoje?” Ikajulikana kwamba kibarua kilikuwa kimesimama, na kwamba aliona aibu kusema mbele ya wenzake. Walikubaliana achangie kidogo kidogo. Ulimi wake bado ni mkali, na mwezi huu amechelewa tena kulipa. Mama amekwisha kusema kwamba atakwenda tena, na safari hii atamchukua baba wa chumba cha mwisho, ambaye ni Mwislamu na ambaye yule kijana anamheshimu.