Nilivyokabili msongo wa mawazo kwa kuanzia mwilini

Katika kipindi kile cha msongo wa mawazo, hakuna ushauri ulioniudhi kama ule wa "tulia tu, usiwaze sana". Niliambiwa hivyo na karibu kila anayenipenda, wala hakuna aliyenieleza mtu hutuliaje ilhali mabega yamempanda na meno yanasagana usiku kucha. Nilijaribu kulala chali gizani na kujikataza kuwaza, na kadiri nilivyojikataza ndivyo mawazo yalivyozidi kunisonga, hata nikawa nasikia mapigo ya moyo wangu kwenye mto.

Mkombozi wangu wa kwanza alikuwa mbinu ya kulegeza misuli hatua kwa hatua, iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson aliyeieleza katika miaka ya 1920. Siri yake, kama inavyofundishwa siku hizi, ni kwamba huanzi kwa kulegeza bali kwa kukaza. Unakunja ngumi na kuibana kwa sekunde 5 hivi, mpaka mkazo uupande mkono hadi kwenye kiwiko, kisha unaiachia ghafla na kwa sekunde 10 hadi 20 unausikiliza mkono ukiwa mzito na wenye joto, ndipo uhamie kwenye mabega, uso, tumbo na miguu. Mwenye jeraha aiache sehemu hiyo. Nilipofika usoni nilipigwa na butwaa, kwa sababu nilipouma meno kwa makusudi sikuhisi tofauti yoyote ya maana na hali yangu ya kila siku. Kumbe taya zangu zilikuwa zimebana mchana kutwa! Nani angeweza kunitoa mkazo ambao mimi mwenyewe sikujua kwamba ninao?

Kwenye kupumua sikutaka makubwa: navuta pumzi huku nikihesabu hadi 4, naitoa taratibu hadi 6. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta pumzi na hupungua tunapoitoa, hivyo urefu wa kutoa ndio wenye kazi. Haya yote hayakuchukua nafasi ya mshauri nasaha niliyekuwa nikimwona, na yeyote anayefikiria kujidhuru amwone mtaalamu leo hii, asingoje mazoezi yamsaidie.

Kuhusu mazoezi yenyewe, nilikuwa nimetishwa na habari za kukimbia umbali mrefu, kumbe mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na hata vipindi vifupi vifupi vinahesabika. Kutembea kwa haraka kunatosha, mradi uweze kuzungumza lakini ushindwe kuimba. Wanaosema usubiri hamu ije kwanza wanakupotosha, kwani aliyeshuka moyo hamu ndicho kitu cha kwanza kumtoroka. Mimi nilitoka bila hamu, nikiwa nimejiahidi kufika kwenye kona tu, na mara nyingi nikifika pale miguu iliendelea yenyewe.

Mwongozo huohuo unataka misuli iimarishwe angalau siku 2 kwa wiki. Nilianza kwa kuketi na kuinuka kitini bila kushika popote, kisha kusukuma ukuta kwa mikono, na ngazi nilizokuwa nikizipanda kwa kusimamasimama sasa nazipanda huku nikizungumza.