Nilichomwa sindano ya damu yangu, kilichoniponya ni ngazi

Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya. Nikishuka kitandani naenda bafuni nimeshika ukuta, kisigino cha kulia kimekakamaa. Mwili ukipata moto maumivu yanapungua, najiona nimepona, jioni naenda kukimbia. Kesho yake yale yale. Miezi 14 nilikwenda hivyo, kwa vidonge vya maumivu vya diklofenaki na kuchuliwa.

Ultrasaundi ilionyesha kano inayoshika kigimbi na mfupa wa kisigino imevimba katikati. Daktari hapa Dar es Salaam akasema kano hupata damu kidogo, ndiyo maana inachelewa kupona. Basi tuipelekee dawa iliyomo kwenye damu yangu mwenyewe. Niache diklofenaki kwanza, nirudi.

Kile kichupa bado nakiona. Damu ilitolewa mkononi, ikazungushwa kwenye mashine, ikatoka imejitenga: chini nyekundu nzito, juu maji ya manjano, katikati utando mweupe mwembamba. Humo ndimo zinamokusanywa chembe sahani, zile zinazogandisha damu tukijikata na kuanzisha ukarabati wa jeraha. Akavuta kwenye bomba la sindano, akachoma ndani ya kano huku macho yako kwenye skrini. Siku tatu sikukanyaga chini. Bima ilikataa, nikalipa mwenyewe.

Miezi miwili baadaye nafuu ilikuwepo, ila ndogo, na nilikuwa nimepumzika kukimbia muda wote huo. Nikaenda kuulizia sindano ya pili. Aliyenizuia ni dada wa fiziotherapia.

“Kaka, mazoezi ulipewa yapi?”

Sikuwa nimepewa lolote. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza. Akanieleza kwamba Uholanzi waligawa wagonjwa 54 wenye tatizo hilihili, nusu wakachomwa plazima yao, yaani maji ya damu yenye chembe sahani nyingi kama niliyochomwa mimi, nusu maji ya chumvi, wote wakafanya mazoezi. Matokeo yalitoka mwaka 2010: baada ya wiki 24, tofauti hakuna. Uingereza wakawapima watu 240, wengine wakipata plazima, wengine sindano ya kuigiza tu; mwaka 2021 jibu likawa lilelile.

Mazoezi aliyonipa yalitangazwa mwaka 1998 na daktari Håkan Alfredson wa Uswidi. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu. Unapanda kwa mguu mzima, kisha uzito wote unauhamishia ule mbovu na kuushusha kisigino taratibu hadi chini ya ukingo. Mara 15, raundi tatu goti likiwa limenyooka, raundi tatu likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku, na maumivu ya kuvumilika yanaruhusiwa. Yakipungua unaongeza mzigo. Mimi nilibeba begi la mgongoni lenye mchele, kilo mbili, baadaye tano.

Wiki mbili za kwanza niliumia kuliko mwanzo, nikataka kuacha. Nilimpigia simu dada yule usiku, akaniambia nipunguze raundi, nisiache. Wiki ya saba ndipo ukakamavu wa asubuhi ulipoanza kulegea.

Sindano ya pili sikuchoma. Ngazi naendelea nayo mara tatu kwa wiki. Jumamosi iliyopita nilikimbia kilomita nane Coco Beach. Jumapili niliamka, nikafika bafuni, nikiwa napiga mswaki ndipo nikagundua kwamba ukuta sikuushika.