Milimita Moja ya Riruta

Juzi serveya mmoja kijana alinipigia simu. Ameitwa kwa mara ya kwanza kuwa shahidi mtaalamu katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani, Nairobi, na alichotaka kujua ni kama avae tai. Nikamwambia avae. Kisha nikamsimulia habari ya Riruta, ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuisimulia.

Mteja wangu alikuwa mzee aliyedai kwamba jirani amejenga ukuta ndani ya shamba lake, sentimita 80 hivi. Nilikwenda na kifaa cha setilaiti, nikapima kona zote, nikarudi ofisini na kuviweka vipimo juu ya ramani ya usajili niliyoitoa kule Ruaraka, kwenye ofisi ya serikali ya upimaji. Ukuta ukaonekana umevuka. Nikaandika: ukuta umeingia kwa sentimita 80. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri.

Wakili wa upande wa pili alikuwa mama mpole, miwani imemshuka puani. Kifaa changu hakukigusa hata kwa swali moja. Aliniuliza skeli ya ramani. Nikasema moja kwa 2,500.

“Kwa hiyo, serveya, milimita moja kwenye karatasi ni kiasi gani huko shambani?”

Mita mbili na nusu.

Akaniletea rula, akaniomba nipime unene wa mstari wenyewe wa mpaka. Nusu milimita. Sikuhitaji kungoja swali lililofuata, hesabu nilishaimaliza kichwani na jasho lilishaanza. Mstari peke yake ulikuwa na upana wa mita 1.25, na mimi nilikuwa nimeapa juu ya sentimita 80.

Kifaa hakikuwa na kosa. Ramani ndiyo haikuchorwa kwa kazi ile. Sehemu kubwa ya Dagoretti, ambako Riruta iko, ina mipaka ya jumla, iliyotokana na ugawaji wa ardhi wa miaka ya 1950, na mpaka pale ni ule ua wa miti, si nukta za hesabu. Nililijua hilo tangu chuoni. Sikuliandika kwa sababu mzee hakunilipa ili aambiwe kwamba ramani yake haiwezi kumjibu.

Mwishowe jaji aliwarudisha kwa msajili wa ardhi, kwa kuwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaikataza mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. (Wakili wetu angeliweza kulisema hilo siku ya kwanza, lakini hayo ni yake.)

Shahidi wa kawaida husema alichokiona na alichokisikia, maoni yake abaki nayo. Sisi wataalamu tunafunguliwa mlango na kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi: wa sayansi, wa sanaa, wa sheria za nchi nyingine, wa mwandiko, wa alama za vidole. Hata hivyo jaji ana ruhusa ya kuyatupa maoni yetu. Tangu Riruta nimeisoma mara nyingi hukumu ya Uingereza ya 1993 kuhusu meli iitwayo Ikarian Reefer, ambamo Jaji Cresswell aliorodhesha wajibu wa mtaalamu: maoni yawe yake kweli, asifiche jambo linalomdhoofisha, aseme wazi swali likiwa nje ya taaluma yake. Hilo la katikati ndilo lililonikamata mimi.

La mwisho lilimkamata mtu mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1999 Profesa Roy Meadow, daktari wa watoto, si mtu wa takwimu, aliiambia mahakama ya Uingereza kwamba uwezekano wa watoto wawili wa nyumba kama ya Sally Clark, mama aliyeshtakiwa kuwaua wanawe wawili, kufa ghafla usingizini ni mmoja kwa milioni 73. Alizidisha kana kwamba kifo cha kwanza hakihusiani kabisa na cha pili. Mama yule alifungwa hadi 2003. Kwa hiyo nikiulizwa kizimbani kama sahihi kwenye hati inaonekana ya kughushi, hata kama naiona imepinda waziwazi, nasema mimi ni mtu wa mipaka.

Baadaye nilipata kazi Ruai, ploti yenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, na vipimo kamili. Ukuta wa jirani ulikuwa umeingia kweli. Lakini geti la mteja wangu nalo lilikuwa limetoka nje, upande wa barabara. Alipoisoma ripoti alinyamaza kidogo.

“Binti yangu, hiyo ya geti ni lazima?”

“Ni lazima, mama.”

“Kwani umelipwa na nani?”

“Na wewe, mama. Lakini kiapo nakula mbele ya jaji.”

Mwanzoni alikuwa ametaka kunilipa nusu, nyingine tukishinda. Nilikataa. Nikilipwa kwa ushindi, lile geti nitaliona vipi? Alishinda ukuta, akasogeza geti kwa gharama yake, na tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Jana usiku kijana amenitumia ripoti yake niipitie. Picha nzuri, jedwali safi, kurasa kumi na nne. Nimemrudishia. Skeli ya ramani haijaandikwa popote.