Twiga Hana Kivuli

Mjomba wangu ni mchoraji wa Tingatinga, ile michoro ya wanyama ya rangi kali, Dar es Salaam, na pale kazi hufundishwa kwa kunakili. Mwanafunzi anakaa pembeni ya mkubwa, anarudia twiga wa mkubwa mpaka shingo ikubali. Hakuna anayeona haya. Kwa hiyo nilipohamia Nairobi, nikajiunga na darasa dogo la jioni la rangi za mafuta huko Ngara, na mwalimu akaniambia nichague mchoro wa kunakili, nilijisikia niko kwetu.

Nikachagua mchoro wa zile saa zilizoyeyuka, wa Mhispania Salvador Dalí, wa mwaka 1931. Wengi hudhani ni mchoro wa kujaza ukuta. Ni sentimita 24 kwa 33 tu. Wenyewe uko New York tangu 1934. Nikaweza kuunakili kwa kimo chake halisi, juu ya meza ninayolia chakula, chumbani kwangu Umoja.

Nilipiga mistari ya penseli, miraba ya sentimita tatu tatu, jumla 88, kwenye nakala ya karatasi na kwenye kanvasi, kisha nikahamisha mraba baada ya mraba. Hilo halikunisumbua. Kazi ilikuwa vivuli.

Tingatinga inatumia rangi ya baiskeli: inang'aa, inakauka upesi, kila rangi inakaa mahali pake, na mnyama hana kivuli. Rangi ya mafuta haina haraka. Hata kesho yake unaweza kupitisha brashi kavu kati ya mwanga na giza mpaka mpaka wenyewe upotee. Jioni tatu nilikuwa kwenye saa moja tu, ile inayoning'inia ukingoni kama chapati laini. Bila kivuli ilikuwa katuni. Nilipoweka giza jembamba chini ya mkunjo, ikapata uzito. Hapo nikaelewa kwa nini mchoro huu unamshika mtu: Dalí hakuifunika ndoto kwa ukungu. Kila kisichowezekana kinapigwa na mwanga wa kweli, kama yale majabali ya pwani ya Katalunya, Uhispania, kule nyuma ya mchoro.

Kisha ikaja Julai na baridi yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mimi nimezoea kitu kilichopakwa rangi kukauka kabla ya Alasiri. Nilidhani tabaka la chini limekauka, nikapaka jingine juu yake, lililozimuliwa mno kwa tapentaini. Saa ya rangi ya chungwa, ile iliyolala kifudifudi na sisimizi mgongoni, ikawa tope. Niliumia sana.

Mwalimu akagusa kwa ncha ya kidole. "Pole, kijana wangu. Rangi yenye mafuta mengi hukaa juu, yenye machache chini. Na mwezi huu usihesabu siku, gusa."

Nilikwangua kwa kisu, nikasubiri wiki mbili, nikawarudisha sisimizi mmoja mmoja kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo.

Jana nilimtumia mjomba picha. Akanijibu kwa sauti, bajaji zikipita nyuma yake: "Mpwa wangu, hao sisimizi nimetaka kuwapangusa kwenye simu." Akanyamaza kidogo. "Ukija Idi, niletee tyubu mbili za hiyo rangi isiyokauka haraka. Nataka nimjaribie twiga kivuli."